Gari la Turubai Kwenye Baridi ya Minnesota

Kila Novemba swali ni lilelile, na mara nyingi linatoka kwa watu wa nyumbani. "Dada, theluji ikianza hilo gari lako utaliweka wapi?" Wananiuliza kwenye harusi, wananiuliza kanisani Brooklyn Park, pembeni mwa Minneapolis, wakati wa chai. Kuna mzee mmoja wa Kisii, mwenye gari kubwa lenye viti vinavyopashwa moto, ambaye hata haulizi. Anatikisa kichwa tu na kusema, "Msichana wangu, wewe umenunua hema." Sibishani naye. Jeep Wrangler yenye paa la kitambaa ni hema lenye injini, sawa. Ila hema hilo linanifikisha kazini Januari yote, linalala nje, na yanayolisumbua si yale wanayoyadhani wengi.

Mimi nafanya kazi ya usiku, kutunza wazee. Zamu inaanza saa tano usiku na kwisha saa moja asubuhi, kwa hiyo gari linakaa kwenye maegesho ya wazi katika saa zile za baridi kuliko zote. Hakuna gereji, hakuna kivuli cha jengo. Lolote litakaloanguka toka mbinguni linaangukia turubai. Nayaandika haya kwa wale wanaofikiria kununua gari la namna hii, maana msimu wa kiangazi ukiisha wenye magari ya wazi huanza kuyauza na bei hulegea, na watu wetu hawapitwi na bei iliyolegea.

Nilikokulia, Tanga, turubai lilikuwa jambo la kawaida. Land Rover za mashamba ya mkonge zilikuwa nalo, limefifia kwa jua, limeshonwa mara mbili tatu kwenye kona, na kazi yake ilikuwa kuzuia vumbi na mvua ya masika. Kwa hiyo nilipoliona Wrangler la turubai hapa sikuona gari la anasa ya ufukweni. Na ukienda kwenye asili yake, anasa haimo. Jeep za jeshi la Marekani za vita vya pili, zaidi ya laki sita zilizoundwa kati ya 1941 na 1945, zilikuwa na kifuniko cha turubai na hazikuja na hita. Hizo ndizo zilizozunguka kwenye theluji ya Ardennes, Ubelgiji, Desemba 1944 na Januari iliyofuata. Madereva wake waliteseka, hilo halina ubishi. Lakini gari lenyewe lilikwenda.

Minneapolis ina kisa chake cha paa la kitambaa, na wenyeji waliokuwapo husimulia bila kuombwa. Uwanja wa Metrodome, uliofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1982, ulikuwa na paa la kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, bila nguzo hata moja chini yake. Lilishikiliwa na hewa. Feni kubwa zilisukuma hewa ndani usiku na mchana, na ndiyo sababu watu waliingilia milango ya kuzunguka, hewa isije ikatoroka. Msimu wa baridi walipuliza hewa ya moto kati ya tabaka mbili za kitambaa ili theluji iyeyuke kabla haijarundikana. Pamoja na hayo yote, miaka ya mwanzo theluji ililishusha zaidi ya mara moja.

Kisha Desemba 2010 ikaja dhoruba iliyomwaga sentimita 43 hivi, pamoja na upepo mkali. Wafanyakazi waliopanda kusafisha paa walilazimika kushuka kwa sababu ya upepo. Jumapili tarehe 12, kwenye saa kumi na moja alfajiri, kitambaa kilichanika na theluji ikaporomoka hadi uwanjani, huku kamera zilizoachwa ndani zikirekodi kila kitu. Mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya Vikings na Giants ikahamishiwa Detroit. Paa jipya liliwekwa, lakini uwanja ulibomolewa 2014, na ule uliojengwa mahali pake, uliofunguliwa 2016, una paa lenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiliona kwa mbali utadhani jengo linataka kuzama.

Ukikitazama vizuri kisa hicho, utaona baridi haina kosa. Kitambaa kile kilikuwa kimepita majira ya baridi makali tangu 1982. Kilichokishinda ni mzigo ulioachwa juu yake usiku mmoja ambao hakuna aliyeweza kuuondoa. Hiyo ndiyo hesabu ninayopiga mimi kwenye maegesho. Theluji laini iliyoanguka sasa hivi ina uzito wa kilo 100 hivi kwa mita moja ya ujazo, na iliyolowa ni mara mbili au tatu zaidi. Paa la Wrangler ya milango miwili, ukihesabu sehemu iliyolala, ni kama mita mbili za mraba. Theluji kama ile ya Metrodome ingeweka juu ya turubai langu zaidi ya kilo 80. Vyuma vinavyolibeba vinahimili, lakini kitambaa katikati ya vyuma kinabonyea, bonde linaundwa, na siku jua likichungulia kidogo bonde lile linajaa maji ambayo usiku yanaganda. Hapo sasa una barafu nzito iliyokaa mahali pabaya, na mshono unaanza kuvutwa.

Kwa hiyo wakati wa mapumziko ya zamu, kama theluji inaanguka kwa nguvu, navaa koti na kwenda kuisukuma. Wenzangu wanacheka, wananichungulia dirishani wakiwa na vikombe vyao. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Unatumia brashi yenye kichwa cha sponji, unaanzia katikati na kusukuma kuelekea pembeni, taratibu, bila kukandamiza. Usiingie ndani ukaanza kulipiga turubai ngumi kutoka chini ili theluji iruke. Kitambaa kilichoganda hakipendi kupindwa ghafla. Maji ya moto usiyafikirie. Yatayeyusha kidogo, halafu yatateremka hadi kwenye mpira wa mlango na kugeuka gundi.

Sasa tuje kwenye madirisha, maana hapa ndipo penye maumivu halisi. Paa la Wrangler ni kitambaa, lakini madirisha ya ubavuni nyuma na lile la nyuma kabisa ni nailoni, yaani plastiki nene unayoweza kuona kupitia kwake, yameshikwa kwa zipu au reli. Kukiwa na joto yanakunjika. Kwenye nyuzi kumi na tano za Selsiasi chini ya sifuri yanakuwa magumu, ukiyagonga kwa kidole yanalia. Kitabu cha gari kinaonya usilishushe paa joto likiwa chini ya nyuzi 5, na watu wengi wanakisoma baada ya tukio. Jamaa mmoja niliyemfahamu, mwenye gari kama langu, alitaka kuingiza televisheni aliyonunua siku ya mauzo ya Novemba. Boksi halikupita mlangoni, akafungua zipu ya dirisha la nyuma na kulikunja juu kama anavyofanya Julai. Lilipasuka kutoka kona hadi kona, mlio ukasikika maegesho nzima. Televisheni ilifika salama. Yeye aliendesha wiki mbili na mfuko mweusi wa takataka umebandikwa nyuma kwa gundi ya utepe, unapiga kelele barabara nzima.

Kanuni yangu ni kwamba kuanzia siku theluji ya kwanza inapotangazwa, dirisha la nyuma halipo. Yaani lipo, lakini halifunguliwi kwa sababu yoyote. Mizigo inapita mlangoni, isiyopita inabaki dukani. Septemba, kabla ya baridi, naosha turubai kwa sabuni laini, nalipaka dawa ya kuzuia maji likishakauka kabisa, na zipu zote zinapata mafuta ya silikoni. Mpira wa milango nao unapakwa silikoni hiyohiyo, vinginevyo mlango utaganda na ukiuvuta kwa nguvu utabaki na mpira mkononi. Na kikwangulio kile cha plastiki ngumu ambacho kila mtu anakuwa nacho hapa ni cha kioo cha mbele peke yake. Ukikipitisha kwenye nailoni mara moja, mistari utakayoichora utaitazama miaka yote utakayokuwa na gari hilo. Barafu ya kwenye nailoni iache. Washa gari, washa hita, subiri iachie yenyewe.

Kusubiri huko ndiko kunakofichua jambo jingine ambalo sikulisikia kwa yeyote kabla ya kununua: gari hili linaganda kwa ndani. Pumzi yako ni maji. Theluji ya kwenye viatu ni maji. Kahawa ni maji. Kwenye gari la bati unyevu huo unatua kwenye vioo, hita inaukausha, mambo yameisha. Hapa unatua kwenye nailoni na kwenye kitambaa chenyewe, na ukizima gari unaganda hapohapo. Asubuhi nakuta utando mweupe ndani ya madirisha, mzuri sana kwa macho, ila sioni kinachokuja ubavuni. Dawa yake ni ya kushangaza kidogo kwa mtu anayetetemeka: usizungushe hewa ya ndani, vuta ya nje, maana hewa ya baridi kali ni kavu, na kama baridi si kali sana washa kiyoyozi pamoja na hita, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa. Kung'uta viatu kabla hujaingia. Weka mazulia ya mpira yenye kingo ndefu na uyamwage maji kila siku, kama ndoo. Kabla ya kuzima gari nafungua mlango nusu dakika, unyevu utoke. Majirani wameshazoea.

Je, kuna joto humo ndani? Hili ndilo swali la pili la watu wa harusini. Jibu ni kwamba hita yenyewe haina shida. Nafasi ni ndogo, injini ikishapata moto miguu inawaka. Tatizo ni kwamba joto halikai. Ukizima gari, ndani ya dakika chache uko nje. Kelele nazo zipo: upepo wa ubavuni kwenye barabara kuu ya I-35 unalipiga turubai na kulivuta, na simu huwezi kuongea. Mimi siendi mbali mara nyingi. Mwenye safari za kila wiki kwenda Duluth, na mwenye watoto wadogo wa kufunga kwenye viti vya nyuma, namshauri bila kuzunguka atafute lenye paa gumu. Paa hilo linauzwa peke yake pia, na bei yake itakufanya ukae chini kwanza.

Kuhusu baridi yenyewe, watu wanaogopa namba isiyohusika. Taarifa ya hali ya hewa inatoa joto halisi, halafu inatoa ile ya "unavyohisi" kwa sababu ya upepo. Ya pili ni ya ngozi yako. Betri, mafuta na turubai havihisi upepo kwa namna hiyo; upepo utavipoza haraka zaidi, lakini havitashuka chini ya joto halisi la hewa. Tarehe 30 Januari 2019 joto halisi la hapa lilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Posta ilisimamisha kusambaza barua Minnesota nzima, shule zikafungwa. Wazee hawaachwi kwa sababu ya baridi, kwa hiyo sisi tulikwenda. Gari liliwaka kwa sababu nyumbani lilikuwa limechomekwa: injini nyingi za hapa hufungwa hita ndogo yenye waya, unachomeka ukutani kama pasi, inapasha injini usiku kucha. Betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri imeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake, na injini nayo inahitaji nguvu zaidi kuzunguka kwa kuwa oili imekuwa nzito. Kama betri yako imeanza uzee, ibadilishe Oktoba. Turubai halitakuacha barabarani. Betri itakuacha.

Na matairi. Hapa naomba nisikilizwe, maana nimeona wengi wanahangaika na paa huku wamekanyagia mpira uliokwisha. Tairi za kawaida zinaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, hata kabla theluji haijaonekana. Tafuta tairi zenye alama ya mlima wa vilele vitatu wenye kipande cha theluji ndani yake; herufi M na S peke yake hazitoshi. Za misumari usinunue, sheria ya Minnesota haiwaruhusu wakazi. Wrangler ya milango miwili ni fupi, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma haifiki mita 2.5, na kifupi kikianza kuzunguka kinazunguka haraka. Kuvuta kwa magurudumu yote manne kunakusaidia kuondoka. Kusimama hakukusaidii hata kidogo, kila gari lina breki nne. Wanaolala mtaroni siku ya theluji ya kwanza mara nyingi ni hawahawa wenye magari makubwa, wametoka kwa kishindo na taa nyekundu ikawakuta hawajajipanga. Jingine: mfumo wa Wrangler wa kawaida hautakiwi kuachwa kwenye magurudumu manne juu ya lami kavu. Ingiza kwenye theluji, toa ukifika pakavu, vinginevyo ukikata kona utasikia gari linagoma.

Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inalila gari lolote, ila Jeep ina chasisi ya vyuma vilivyo wazi chini, na kutu inaanzia huko usikokuona. Manispaa inamwaga chumvi hadi joto likaribie nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo chumvi tupu haiyeyushi kitu cha maana, wanachanganya na dawa nyingine au wanamwaga mchanga. Kuosha chini ni lazima. Lakini ile mashine ya kuosha yenye brashi zinazozunguka ni adui wa turubai na nailoni. Naenda ya maji ya presha tupu, tena naisubiri siku ambayo joto limepanda karibu na sifuri, kwa sababu ukiosha kwenye nyuzi kumi na tano chini, milango ya magari manne ya foleni yaliyo mbele yako itakuwa imeganda na wenyewe wamo ndani.

Mambo ya usalama nayapitia haraka. Turubai halizuii kisu, kwa hiyo siachi kitu ndani, hata mkoba mtupu. Kabla ya kuwasha gari lililofukiwa, fukua kwanza bomba la moshi kwa beleshi. Kuna wanaosema gari la turubai linapitisha hewa kwa hiyo moshi hauwezi kuwadhuru. Huo ni uongo unaoua, gesi yenye sumu iliyomo kwenye moshi huo haina harufu na theluji ikizunguka gari pande zote inaelekezwa ndani. Na Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, jua barabara yako iko kundi gani: usiku wa kwanza barabara kuu za dharura ziachwe wazi, mchana wa pili upande wa namba shufwa, wa tatu upande wa namba witiri. Greda halijali umetoka zamu saa ngapi, na gari likivutwa utalipia.

Sehemu moja tu mzee wa Kisii alikubali kwamba hema langu lina faida, nayo ni pale ambapo mimi sitakwenda. Watu wa huku huendesha magari juu ya maziwa yaliyoganda, kwenda kuvua samaki kwenye vibanda. Wenye uzoefu wanakushauri ufungue mkanda na uteremshe vioo, ili barafu ikivunjika uweze kutoka. "Wewe," akaniambia, "utachana paa na kutokea juu." Nikamjibu kwamba nilizaliwa karibu na bahari, na juu ya maji nimezoea kupita kwa ngalawa.

Swali la lini kulifungua turubai lina majibu mengi hapa, na wenyeji wenyewe wanadanganywa na jua la Machi. Mwaka 2018, katikati ya Aprili, dhoruba ilikaa juu ya jiji hili siku tatu, na mechi za Twins, timu ya besiboli ya hapa, zikaahirishwa. Uwanja wao mpya, walioingia 2010, mwaka uleule paa la Metrodome lilipochanika, hauna paa kabisa. Mimi nasubiri Mei. Naegesha juani kuanzia asubuhi hadi kitambaa kilegee, nafungua dirisha la nyuma kwanza, zipu ikienda bila kubishana naendelea na mengine, ikikwama naliacha hadi wiki inayofuata. Madirisha ya nailoni nayalaza chini ya kitanda, shuka kati ya moja na jingine, na Oktoba nayatoa tena.